Kutoka Jozi: Kliniki ya Vyumba Viwili

Katika toleo lililopita niliahidi kuendelea na majina ya mboga katika soko la Yeoville, hasa ule ubishi wa iwapo sombe la Wakongomani na kisamvu cha kwetu ni kitu kimoja. Naomba mniwie radhi, mboga zitasubiri. Wengi wenu mmeniuliza mbona mwaka huu wote siku ya Alhamisi sionekani chuoni, na mbona katikati ya mwaka nilianza kuhesabu nauli kama mtu anayehesabu punje za mchele. Leo nitajibu.

Alhamisi mchana huwa nafanya ukalimani katika kliniki ndogo ya saikolojia upande wa mashariki wa jiji, jirani na Bez Valley. Nikisema kliniki msifikirie hospitali. Ni nyumba ya zamani yenye paa la mabati, vyumba viwili vya tiba, na sebule ambako ipo meza ya mhudumu wa mapokezi. Yeye kila mtu humwita Ausi, yaani dada kwa Kisotho, hata wateja waliotoka Uvira na Bujumbura ambao hawajui neno jingine la Kisotho. Mwenye kliniki ni mwanasaikolojia, mama wa makamo mzaliwa wa Soweto. Tunamwita Dokta. Jina lake nimeliacha, na ameisoma safu hii kabla ya mhariri wetu kuisoma. Habari za wateja hamtazikuta humu, isipokuwa sentensi moja ambayo mwenyewe nilimwomba ruhusa kuitumia, akanipa.

Mwaka huu wa 2025 kliniki hiyo nusura ife.

Ili mwelewe, lazima niwaeleze ilivyokuwa ikiishi. Ilikuwa na mifuko miwili. Mfuko wa asubuhi ni wa wenye bima ya matibabu: walimu, manesi, askari wa magereza, mhasibu mmoja mmoja. Afrika Kusini ina watu zaidi ya milioni 60, na wenye bima hizo ni kama milioni 9 tu, kwa hiyo kila mwanasaikolojia, mtaalamu wa viungo na mtaalamu wa matamshi wa jiji hili anawagombea watu wale wale. Mfuko wa mchana ni wa wakimbizi, wengi wao Wakongomani wa Kivu, Warundi, na Wasomali wachache wanaojua Kiswahili kwa sababu walipitia Kenya. Hao hawana bima. Saa zao zililipwa na shirika moja ambalo nalo lilipata fedha kutoka kwa wafadhili wa Marekani. Mimi pia nililipwa kutoka mfuko huo, kwa saa.

Tarehe 20 Januari Rais Donald Trump alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje ya Marekani kwa siku 90 ili ipitiwe upya. Sisi tuliisikia redioni kama habari ya mbali. Barua ya lile shirika ilifika Februari, na ilikuwa na aya tatu. Aya ya kwanza ilishukuru, ya pili ilisimamisha, na ya tatu ilisema malipo ya kazi iliyokwisha kufanyika yangeshughulikiwa baadaye. Nusu ya saa za kliniki ziliondoka kwa karatasi moja.

Kama hiyo ingekuwa shida peke yake, pengine Dokta angepumua. Lakini mwenzake, aliyekuwa akitumia chumba cha pili na kulipa nusu ya kodi, alikuwa amehamia Cape Town mwezi Desemba. Tena kuna jambo ambalo wengi hatulijui mpaka tuwe upande wa pili wa meza. Mipango mingi ya bima hapa huiweka tiba ya mazungumzo katika akiba ya mwanachama, si katika mfuko wa pamoja. Akiba hiyo hufunguliwa Januari kwa mwaka mzima. Mtoto akiugua mafua, meno yakiuma, miwani ikivunjika, vyote vinachota humo humo. Ikifika Juni au Julai akiba imekauka, na mtu wa kwanza kuachwa ni yule wa kuzungumza naye. Kalenda ya mwanasaikolojia wa Johannesburg hupukutika kuanzia majira ya baridi, na hujaa tena Januari. Anayefungua kliniki bila kulijua hilo huuza samani zake kabla ya Krismasi.

Mtu akipatwa na shida kama hiyo, washauri huwa wengi kuliko wateja. Mimi nilikuwa wa kwanza: nikapendekeza tubandike matangazo kwenye vituo vya teksi, tuseme hapa ndipo mnapopata tiba bora kwa Kiswahili. Dokta akanitazama kwa huruma. Wataalamu wa afya nchini humu wako chini ya Baraza la Taaluma za Afya, HPCSA, na kanuni zake za maadili zinamruhusu mtaalamu kutoa taarifa za kazi yake, ila haziruhusu kujisifu kuwa bora kuliko wengine wala kuwavuta wagonjwa kama wapiga debe. Akaja mchungaji mmoja, mtu mwema kabisa, akajitolea kuwaleta waumini wake wenye bima, ili mradi kliniki ikumbuke kanisa kwa kitu kidogo kwa kila kichwa. Hilo nalo limekatazwa: kumlipa mtu kwa kukuletea mgonjwa ni kosa. Siku hiyo Dokta alicheka kwa mara ya kwanza tangu barua ifike. Alisema, "Mwalimu, tutafungiwa leseni hata kabla ya kufilisika."

Kilichotusaidia kwanza kilikuwa droo.

Jumamosi moja ya Machi nilikwenda kumsaidia Ausi kupanga karatasi, kwa kuwa tulidhani huenda tungehama. Katika droo ya chini tulikuta rundo la majibu ya bima yaliyokuja kwa posta na mengine Ausi aliyoyachapa kutoka kwenye barua pepe. Yote yalikuwa madai yaliyokataliwa. Hakuna aliyeyafuatilia. Dokta alidhani Ausi anafuatilia, na Ausi alidhani neno "limekataliwa" maana yake limekwisha. Tukaketi sakafuni tukayasoma moja moja: arobaini na moja. Sababu zake, wallahi, zilikuwa za kuudhi. Tarehe ya kuzaliwa iliyogeuzwa tarakimu. Namba ya tegemezi iliyosahauliwa. Ugonjwa ulioandikwa kwa herufi bila nukta: kila dai linatakiwa kubeba alama ya mfumo wa kimataifa wa ICD-10, na F43.1, ambayo ni msongo wa baada ya tukio la kutisha, si sawa na F431 machoni pa kompyuta fulani.

Sasa sikilizeni, hasa ninyi mnaosoma sheria au biashara huku mkijifunza Kiswahili. Sheria ya Bima za Matibabu, namba 131 ya mwaka 1998, pamoja na kanuni zake, inampa mtoa huduma hadi siku ya mwisho ya mwezi wa nne baada ya huduma kupeleka dai lake. Bima ikiona dai lina kasoro, inapaswa kusema ndani ya siku 30 na kueleza kasoro ni ipi, kisha mtoa huduma anapewa siku 60 za kulirekebisha. Kwa hiyo kila karatasi katika droo ile ilikuwa na saa yake inayotembea. Tuliandika tarehe kwa kalamu nyekundu juu ya kila moja. Kumi na saba zilikuwa zimekwisha kufa. Ishirini na nne zilikuwa hai, na tatu kati ya hizo zilikuwa zinakufa Jumatano iliyofuata. Ausi hakwenda kanisani kesho yake.

Fedha zilizorudi hazikufika kodi ya miezi miwili. Nalitaja hilo ili msidhani tulichimba dhahabu, ingawa mji wenyewe ni wa dhahabu. Lakini miezi hiyo ilitosha mtu kufikiri. Nimewahi kusikia watu wakisema aliyeshindwa biashara kapungukiwa na wateja. Kwa nilichokiona, Dokta alikuwa amekwisha kuifanya kazi ile, mteja amekwisha kulia na kupangusa machozi, na malipo yalikuwa yamelala kwenye droo chini ya katalogi ya mapazia.

Jambo la pili alilijua Dokta mwenyewe, ila alikuwa amelikimbia. Sheria hiyo hiyo ina orodha ya magonjwa ambayo kila bima lazima iyagharimie kwa kiwango fulani hata kama akiba ya mwanachama imekwisha. Sonona kubwa imo: mgonjwa anastahili hadi wiki tatu za kulazwa kwa mwaka, au badala yake hadi vikao 15 vya tiba bila kulazwa. Aliyepatwa karibuni na tukio la kutisha, kama vile kuvamiwa au kubakwa, anaweza kupata hadi vikao 12. Vikao hivyo hulipwa na mfuko wa pamoja, si akiba. Wanachama wengi wa bima hawajawahi kuambiwa. Na bima, tuseme kweli, haina haraka ya kuwaambia.

Kwa nini basi Dokta alikuwa halitumii? Kwa sababu ya fomu. Kila ombi lina fomu yake, ripoti yake, wakati mwingine barua ya daktari wa magonjwa ya akili, na simu za kusubiri huku muziki ukipigwa. Kazi hiyo hailipwi. Mwanasaikolojia aliyechoka saa kumi na mbili jioni akiwa na fomu ya kurasa nne mbele yake huiweka mpaka kesho, na kesho ikifika mteja amekwisha kutoweka kimya kimya kwa aibu ya kukosa fedha. Sisi watu wa nje tuliokuja kusaidia tulifanya jambo dogo: Ausi alijaza sehemu zote zisizo za kitabibu, Dokta akabakiwa na aya moja ya kuandika na sahihi. Mpaka Juni wateja tisa wa asubuhi ambao kwa kawaida wangekatika mwezi huo walikuwa wameidhinishiwa vikao. Sitaki kuficha kwamba watu hao walikuwa wagonjwa kweli. Katika mazungumzo ya kodi na madai ni rahisi kusahau.

Asubuhi ikaanza kusimama. Mchana ndio ulionitoa jasho.

Wakimbizi hawana droo wala fomu. Dokta aliamua tangu wiki ya kwanza kwamba hatamtoa mtu yeyote ghafla, na aliponieleza sababu alitaja Life Esidimeni. Wageni wa mji huu huenda hamjui. Mwishoni mwa mwaka 2015 Idara ya Afya ya jimbo la Gauteng ilitangaza kuvunja mkataba na vituo vya Life Esidimeni vilivyokuwa vikiwatunza wagonjwa wa akili wa muda mrefu, ikisema inapunguza gharama. Katika miezi iliyofuata wagonjwa zaidi ya 1,400 walihamishwa, wengi wao wakipelekwa kwenye asasi ndogo ambazo hazikuwa na uwezo wala sifa, na watu 144 wakafa. Jaji mstaafu Dikgang Moseneke, aliyesikiliza usuluhishi wa jambo hilo, alitoa uamuzi wake Machi 2018. Dokta hakuwa akilinganisha vyumba vyake viwili na msiba ule. Alisema tu kwamba tangu wakati huo kila mtu wa fani yake jijini hapa hushtuka akisikia neno kuhamisha wagonjwa likiwa katika sentensi moja na neno gharama.

Kwa hiyo wateja wote wa mchana, kumi na tisa, walipaswa kuambiwa ana kwa ana, kila mmoja katika kikao chake, kwamba kliniki iko hatarini. Na wa kuwaambia kwa Kiswahili ni mimi.

Hapa niseme kidogo jinsi kazi hiyo inavyofanyika. Viti vitatu hupangwa kama mafiga. Mteja na Dokta hutazamana, mimi nipo pembeni kidogo, na ninasema "mimi" pale mteja anaposema mimi. Mteja akisema "nilikimbia usiku", nami nasema kwa Kiingereza kwamba nilikimbia usiku. Ni kazi ngeni mwanzoni. Mtu hurudi nyumbani akiwa amekimbia usiku mara nne. Kikao cha saa moja huzaa nusu saa ya maneno, kwa kuwa kila kitu kinasemwa mara mbili. Na Kiswahili chetu cha darasani hupigwa mweleka vizuri sana. Siku zangu za kwanza nilitamba na neno sonona, nikidhani nimebeba lulu. Hakuna hata mmoja aliyelijua. Walikuwa na maneno yao: niko na mawazo mingi, usingizi ulinikimbia, moyo hautulii. Mama akisema "walinichukua kwa nguvu", msimsahihishe wala msimwombe afafanue; amekwisha kusema yote.

Basi Alhamisi hiyo Dokta alisema sentensi yake fupi kwa Kiingereza, taratibu, na mimi nikaitafsiri bila kufikiri: "Huenda kliniki hii ikafungwa."

Mama aliyekuwa mbele yetu akakamata mkoba wake. Akauliza, "Nani atatufunga? Ni bapolisi?"

Hiyo ndiyo sentensi niliyopewa ruhusa. Wanaosoma sarufi mwaka wa pili watafurahia, ila mimi sikufurahi. Duka hufungwa, mlango hufungwa, mzigo hufungwa kamba, na mtu hufungwa jela. Kwa aliyekulia Dar es Salaam akiwa na kitambulisho mfukoni, muktadha huchagua maana kabla hata hajajua kuna maana mbili. Kwa mtu ambaye kibali chake cha ukimbizi kimechelewa kuhuishwa, anayepita barabara nyingine akiona gari la polisi, muktadha nao huchagua, na huchagua jela. Nilitumia dakika kumi kuirudisha ile sentensi ilikotoka. Hakunilaumu. Lakini kikao kizima kilikwenda kwa kosa langu.

Jioni, Ausi akiwa anafunga madirisha (naona hata hapa neno halinitoki), nilimwambia Dokta kwamba natafuta kitenzi kingine. Alinieleza kwamba katika fani yake mwisho wa tiba ni sehemu ya tiba, na aliyeachwa ghafla mara nyingi maishani asiachwe ghafla na mtaalamu naye. Nikamwambia tunacho: kuagana. Nikamweleza kwamba kuaga ni kitendo cha anayeondoka, lakini kuagana kunahitaji wawili, na kwamba kitenzi hicho hicho kina maana ya kupatana, ndiyo maana kuna agano. Aliandika neno hilo kwenye daftari lake. Wiki iliyofuata tuliwaambia wateja kumi na wanane waliobaki kwamba fedha za kuwahudumia zimekatwa, hakuna polisi wala serikali ndani yake, kliniki inatafuta njia, na lolote litakalotokea hakuna atakayeondoka bila kuagana. Maneno yalikuwa mengi kuliko ya Kiingereza. Yalieleweka.

Nitoke kidogo kwenye wateja niseme juu ya mkalimani, na mjue ninaposema hivi ninajisemea mwenyewe. Kila kliniki inapobanwa, mkalimani ndiye hukatwa kwanza, kwa kuwa kwenye hesabu huonekana kama gharama ya ziada, kama maua ya sebuleni. Nilijitolea kufanya kazi bure. Dokta akakataa, na alikuwa na haki. Alisema mkalimani wa bure hukosa Alhamisi moja katika kila tatu, kwa sababu njaa nayo ina ratiba, na siku asiyokuja ndipo mteja anapomleta mtoto wake amtafsirie. Hilo ni jambo la kawaida katika vituo vya afya vya jiji hili: mtoto wa miaka kumi na mbili, aliyejifunza Kiingereza shuleni, anakaa katikati ya mama yake na muuguzi. Katika tonsili haidhuru. Katika tiba ya mazungumzo mtoto huyo atatakiwa kusema kwa kinywa chake yaliyompata mama yake njiani. Tulikubaliana nilipwe nauli kila wiki na nusu ya kiwango cha zamani, iliyobaki iandikwe. Imeandikwa. Mpaka leo kliniki ina deni kwangu, na ndiyo sababu ya kule kuhesabu punje za mchele.

Kulikuwa pia na swali la kabati. Kanuni za HPCSA zinataka kumbukumbu za mgonjwa zitunzwe kwa muda usiopungua miaka sita tangu zilipoacha kutumika. Kufilisika hakuondoi wajibu huo. Dokta alikuwa na kabati la chuma lenye droo nne, limejaa, na tangu Sheria ya Kulinda Taarifa Binafsi ianze kutumika kikamilifu mwaka 2021 huwezi kuliweka hata gereji ya shemeji. Nilikuwa sijawahi kufikiria kwamba mtu anaweza kushindwa hata kufunga biashara yake, kwa kuwa hana pa kuziweka siri za watu. Tuliulizia hifadhi za kulipia. Bei zake zilimfanya Dokta aseme ni nafuu kuendelea kufanya kazi.

Akaendelea. Suluhisho lenyewe halikuwa la kishujaa. Alifahamiana na wanasaikolojia wengine wawili waliokuwa na hali ile ile, kila mmoja akilipia nyumba yake na kuwa na vyumba vitupu siku tatu kwa wiki. Mwezi Agosti wakaungana katika nyumba moja, ile ile ya mabati, kwa kugawana siku na kugawana kodi kwa tatu, Ausi akiwapokelea wageni wote. Kila mmoja anabaki na leseni yake, namba yake ya kudai bima na kabati lake lenye kufuli lake. Mwenye nyumba alikubali baada ya kuonyeshwa kwamba chaguo jingine ni nyumba tupu. Na kila mmoja wa hao watatu akakubali kutoa saa mbili kwa wiki kwa wasio na wa kuwalipia. Saa sita kwa wiki, ambapo zamani zilikuwa kumi na mbili.

Sita hazitoshi watu kumi na tisa. Watano waliagwa kwa barua na kwa miadi iliyothibitishwa katika asasi zinazofanya kazi hiyo jijini. Jiji hili lina historia nayo: Kituo cha Uchunguzi wa Ukatili na Maridhiano, CSVR, kimekuwepo tangu 1989 na kina kliniki yake ya waathirika wa ukatili, na Sophiatown Community Psychological Services imewahudumia wakimbizi kwa miaka mingi. Dokta hakumpeleka mteja popote mpaka aongee kwa simu na mtu mwenye jina, na mara mbili nilikwenda naye nikakaa kikao cha kwanza, ili sauti ya Kiswahili isibadilike siku moja na kila kitu kingine. Kumi na mmoja walibaki kwetu, wengine kwa wiki mbili mbili.

Watatu hatujawaona. Hawa waliacha kuja Julai, kabla ya lolote kuamuliwa. Ndiyo miezi ambayo wafuasi wa Operation Dudula na wenzao walikuwa wakisimama kwenye malango ya zahanati za serikali wakiwataka watu vitambulisho na kuwarudisha wageni. Mahakama Kuu ya hapa iliwakataza mwezi Novemba. Kliniki yetu si ya serikali na hakuna aliyewahi kusimama langoni kwetu, lakini mtu aliyefukuzwa kwenye lango moja hawezi kulaumiwa akiogopa malango yote. Labda ni hilo, labda ni nauli, labda ni lile neno langu. Ausi anazo namba zao kwenye karatasi iliyobandikwa kando ya simu, na kila Alhamisi kabla ya saa nane huzipiga zote tatu. Moja huita mpaka inakatika. Mbili hazipatikani.

Dokta anatafuta wakalimani wawili zaidi kwa mwaka ujao, kwa kuwa wale wenzake wawili nao wameanza kupata wateja wa Kiswahili. Kuna mafunzo ya Jumamosi nne kabla ya kuingia chumbani. Ukijua Kiswahili cha Bukavu au cha Bujumbura utatangulizwa mbele ya sisi wa Dar. Malipo ni madogo, na baadhi yake yataandikwa. Anayesali kanisa moja na mteja, au anayekaa naye jengo moja, hatapangiwa mteja huyo, kwa hiyo uwe tayari kuulizwa unakaa wapi na unasali wapi. Atakayependa aniambie baada ya mkutano, asiniambie kwenye kundi la simu.

Na sombe, toleo lijalo.